Visu Vilivyochipua Tverrlia

Jumamosi ya kuamkia Pasaka, daktari wa meno kutoka Oslo alisimama katikati ya mteremko wa Tverrlia, akavua ubao mmoja wa kutelezea, akaugeuza tumbo juu kama samaki, akachomoa kisu kiunoni ili akwangue barafu iliyogandia chini yake. Mpini wa kisu ulikuwa umechipua majani, machanga bado, madogo kama masikio ya panya. Daktari aliyapukusa kwa kidole gumba, akamaliza kukwangua, akapaka nta, akala nusu ya chungwa na kuteremka zake. Ilikuwa Pasaka yake ya tatu bondeni na alikwisha zoea.

Kisu kile kilitoka kwa Torleiv Nordgard, mwenye shamba la juu. Babu yake ndiye aliyeanza kazi hiyo. Kabla yake, mtu wa kuteleza thelujini alivaa kisu kirefu cha kuchinjia, na akianguka nacho, kisu kilimjulisha kwamba ameanguka. Babu akakifupisha kikawa kama kidole cha kati. Mgongo wa bapa akauacha butu, wa kukwangulia nta. Ndani ya ala akaficha bisibisi ndogo ya kukazia vifungio vya viatu, na juu ya ala akaweka mkanda wenye kishikizo, ili mtu apindukapo kisu kisimkimbie. Yuko mtu wa Tverrlia aliyefukuliwa kwenye maporomoko ya theluji hana suruali, hana kofia, lakini kisu anacho.

Mipini ya babu ilikuwa ya pembe za kulungu wa theluji, na ya baba vivyo hivyo. Pembe ni kimya, haina makuu. Torleiv ndiye aliyegeukia mti wa maganda meupe, ule ambao ubao wake una mawimbi kama maziwa yanavyojikunja kwenye kahawa, na usiotia baridi kiganjani. Watu wa mjini wakavipenda visu vyake mno.

Miti hiyo aliikata katika kichaka kilicho kati ya shamba lake na lile la chini, la Gunnvor Bjerkli. Kichaka kilikuwa cha babake Gunnvor. Kila kiangazi familia ilikata matawi yake, ikayafunga matita na kuyakausha, yawe chakula cha mbuzi wakati wa theluji. Kisha mzee akaugua, na majira ya baridi aliyokuwa kitandani jiwe la mpaka likashuka mlima, likapita kichaka chote, likatulia upande wa chini wa kichaka.

"Mawe hushuka, jirani," Torleiv alisema. "Barafu inayasukuma."

Lilishuka pamoja na mashahidi wake, yaani yale mawe mawili madogo yanayofukiwa kandokando ya kila jiwe la mpaka ili kulithibitisha. Mashahidi nao walijipanga upya, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakajifunika na majani ya ardhini vizuri kabisa.

Gunnvor hakuwa mtu wa kesi. Alichotaka ni kichaka chake kirudi, maana mbuzi walikuwa wakimtazama kila asubuhi, na mbuzi wanajua kutazama.

Mipini ilianza kuchipua msimu uleule visu vya mti mweupe vilipoanza kuuzwa. Mtu akiteremka kutoka juu, mpini ulikaa kimya mpaka pale penye shimo lilipokuwa jiwe zamani. Akishavuka shimo, majani yalitoka. Yalizidi kukua katika kichaka na katika uwanja wa Gunnvor, na yakapukutika mtu alipofika barabarani. Mbuzi wakajifunza kuwafuata wageni kiunoni.

Jumatatu ya Pasaka kulikuwa na mbio za kuteleza. Mwamuzi alikuwa Sveinung Haugo, ambaye siku nyingine ndiye polisi wa bonde. Alisimama mwisho wa njia, uwanjani kwa Gunnvor, na saa mkononi na kisu kiunoni. Kanuni ilikuwa kwamba mshindani ambaye majani yake yamezidi shubiri ayapunguze kabla ya kumaliza, kwa sababu yanakamata upepo.

"Sveinung, hebu njoo," Gunnvor akamwita. "Kisu chako kimeanzia wapi?"

"Kuanzia nini?"

"Usinifanye mjinga. Kuota."

Sveinung akajitazama kiunoni. "Kule juu. Penye shimo."

"Shimo la nini?"

"La jiwe."

"Jiwe lipi?"

Sveinung akapuliza filimbi ingawa hakuna aliyekuwa amefika. "Gunnvor, dada yangu, leo sikukuu."

"Nataka lirudishwe."

"Mpaka unataka mashahidi. Na mashahidi unawajua wako wapi. Wako na jiwe."

"Na haya majani?"

"Majani hayali kiapo. Nilimuuliza hakimu mwenyewe. Akasema kama yangekuwa ya msonobari, yale yanayokaa mwaka mzima, angeyasikiliza. Haya ya kupukutika hayana msimamo."

Wakati huo mbuzi mweupe alikuwa amekwisha fika kiunoni kwa Sveinung na kuuvua mpini majani yote.

"Na mnyama wako anakula ushahidi," Sveinung akasema.

"Ndio alioachiwa. Mwache ale."

Jioni ile Torleiv akashuka na kisu kipya kilichofungwa kwenye gazeti.

"Nimekutengenezea, jirani. Si vizuri kila mtu bondeni awe nacho isipokuwa wewe."

Gunnvor akakifungua. Mpini ulikuwa umeshatoa kitawi. "Mti gani huu?"

"Wa hapahapa."

"Ndio ule uliokuwa na tundu la bundi. Juu yake ndiko nilikojifunzia kupanda miti."

"Basi mmeshajuana," Torleiv akasema, akaomba sukari.

Kesho yake Gunnvor alikipeleka kisu kwenye shimo la jiwe, akakichomeka ardhini, bapa chini. Theluji ilipoyeyuka kilikuwa kimeshika mizizi. Chuma kilitangulia kupata maji, mti ukafuata.

Baada ya miaka michache mti ukazaa. Visu vilining'inia ndani ya ala zake kama maharage, mkanda na kishikizo tayari. Bisibisi zilichelewa kidogo kukomaa. Msimu wa kwanza Gunnvor alipanda ngazi, akafungua ala moja baada ya nyingine kutazama bapa. Kila bapa lilikuwa na jina la Torleiv Nordgard, pamoja na ule mkia anaouweka kwenye herufi ya mwisho. Alikuwa ameumwagilia mti ule kwa miaka yote hiyo, mara nyingine kwa kahawa.

"Mti ni wa mwenye ardhi," Sveinung alieleza alipoulizwa, "na ardhi inafuata jiwe."

Torleiv akafunga karakana na kununua kapu. Huvuna wakati wa Pasaka, vinapoiva. Lakini hapendi kuamka mapema, na visu huanguka alfajiri, wakati uso wa theluji umeganda ukawa kama kioo. Navyo ni visu vya watelezaji. Huteremka vyenyewe ndani ya kichaka, huzunguka jiwe upande wa kushoto, huingia uwanjani kwa Gunnvor na kugonga mlango, vikiwa vimejaa majani. Mbuzi hupanga foleni. Tverrlia nzima haina mbuzi wanono kama wale.

Torleiv bado hushuka kwa kahawa. Kisu chake hukitundika kwenye msumari nje ya mlango, kwa adabu. Pasaka iliyopita Gunnvor alimkatia jibini ya kahawia kwa kisu kilichokuwa kimeingia asubuhi hiyo, na jani moja likadondokea kwenye kikombe cha mgeni.

"Kinakata?" Torleiv akauliza, akilitoa jani kwa kijiko.

"Kinakata vizuri."

"Ni kazi yangu hiyo."

"Jina nimeliona," Gunnvor akasema, akamwongezea kahawa.

Torleiv alipoaga, alikuta msumarini mbuzi amemaliza majani yote. Akakivaa kisu, akapanda. Alipopita kwenye jiwe alisimama, akalipangusa theluji kwa mkono wa glavu ili watelezaji wasijikwae. Mpini ukaanza tena kuota. Akauacha uote mpaka juu, penye mti, palipokuwa jiwe zamani. Huko ukanyamaza.