Kitambaa Kwenye Mguu wa Mbele

Kila asubuhi, kabla sijafungua kopo lolote la rangi, huzipanga brashi zangu mezani kuanzia kubwa hadi ndogo. Ziko tisa. Ya mwisho ina nywele nne tu. Niliipunguza mwenyewe kwa wembe, na ndiyo ninayochorea nukta za ribiti, misumari inayoshika mabati, kwenye mabawa ya ndege zetu za mfano. Huzifuta moja moja kwa kipande cha fulana kuukuu, nikihesabu kimoyomoyo, na Mwikali, mchongaji wetu, hakosi kunicheka.

"Haya, Kache ameanza rozari yake."

Siku ile nilikuwa nimefika ya saba. Mtu akapiga hodi mlangoni pa karakana, na brashi ikaniponyoka ikaangukia vumbi la mbao.

"Hodi! Hapa ndipo wanapotengeneza ndege zisizoruka?"

Mzee Okoth, mwenye karakana, alicheka akaenda kumkaribisha. Mimi sikugeuka. Sauti ile niliijua. Niliisikia nikiwa na miaka kumi na mmoja, nyumbani kwetu Muyeye, nikiwa nimeshika birika na beseni ili mgeni anawe mikono. Mgeni huyo alikuwa Kapteni Nyale. Alikula wali wetu wa nazi akamaliza, kisha akamwambia baba, "Masha, mbele ya kamati usiseme neno. Niachie mimi. Nitakusemea."

Baba alikuwa fundi wa kampuni moja ya ndege za kukodi, ambayo sasa imekwisha kufungwa. Kapteni Nyale alikuwa rubani wa jeti yao ndogo ya viti vinane. Asubuhi moja baba aliona mafuta yakivuja kwenye bomba la breki. Akafunga kitambaa chekundu kwenye mguu wa mbele wa ndege, ile alama ya mafundi inayomaanisha ndege isiruke mpaka fundi mwenyewe akifungue. Kapteni alikuwa na wageni wanaomsubiri. Alikitoa kitambaa, akaruka. Aliporudi kutua Malindi breki hazikushika, ndege ikatoka njiani ikaingia nyasini, mguu wa mbele ukavunjika, na mgeni mmoja akavunjika mtulinga.

Baba alinyamaza kama alivyoombwa. Mbele ya kamati ya kampuni, Kapteni Nyale alisema hakuona kitambaa chochote.

Baba alipoteza kazi na leseni siku hiyohiyo. Kapteni akapata ndege kubwa zaidi. Alikuwa mtoto wa kwanza wa huku kwetu kurusha jeti, na kila shule ilimwalika aje awape watoto moyo. Hata shule yetu. Siku hiyo nilisingizia tumbo nikabaki nyumbani.

Sasa alikuwa amestaafu. Alikuwa anafungua mkahawa Shella, papa hapa Malindi, na alitaka mfano wa jeti ileile uwekwe katikati ya ukumbi, mrefu kama meza, wenye kila kitu.

"Nimerusha nyingi," alimwambia Mzee Okoth akitandaza picha, "lakini huyu ndiye niliyempenda."

*

Jioni nilimkuta baba barazani akitia spoki kwenye gurudumu la baiskeli. Ndiyo kazi yake siku hizi: baiskeli, mikokoteni, wilbaro. Nilimweleza. Aliishusha spoki.

"Ileile?"

"Ileile, baba."

Nilidhani atakasirika. Badala yake uso wake ulifunguka kama wa mtu aliyeletewa salamu kutoka mbali.

"Mlango wake wa mizigo ulikuwa na kibonyeo, hapa chini, kama umebonyezwa kwa kidole gumba. Mpakiaji aliugonga kwa sanduku. Na injini ya kushoto ilikuwa ikitoa moshi zaidi, kwa hiyo huo upande uutie weusi. Na kuna skrubu moja nyeusi karibu na ngazi. Za fedha zilikuwa zimekwisha stoo, nikatia nyeusi. Andika, Kache, utasahau."

Niliandika. Aliendelea mpaka mama akamwita kula mara mbili.

"Mchoree vizuri," alisema mwishoni. "Ndege haikunikosea."

"Na yeye, baba?"

Akalizungusha gurudumu, akalitazama linavyokwenda.

"Yeye ni mtu wetu. Tulikuwa na nani mwingine huko juu? Ningesema nini mimi, nimshushe?"

Sikumjibu. Mimi si mtu wa kujibu. Chuoni mwalimu alikuwa akiniuliza swali, nami najua jibu, nalimeza. Lakini usiku huo wote maneno yale yalinikaa kifuani, na kulipokucha nilikuwa nimeshaamua. Baba hakutaka kumshusha. Nitamshusha mimi.

*

Mwikali alichonga kiwiliwili kwa mbao za mwarobaini, nami nikakipokea. Nilikipiga msasa, nikakitia rangi nyeupe mara nne, nikavuta ule mstari wa buluu kutoka puani hadi mkiani. Kisha ikaja kazi ninayoipenda, ya kumalizia. Watu hudhani kumalizia ni kung'arisha. Ndege inayong'aa kotekote huonekana kitu cha mtoto. Inayofanana na kweli ni ile iliyochafuka panapostahili. Kwa hiyo nilipitisha wino mwembamba kwenye maungio ya mabati, nikaufuta, ukabaki mstari kama unywele. Nilisaga risasi ya penseli nikapaka unga wake nyuma ya injini, nikiuzidisha kushoto. Nilikata madirisha kutoka chupa ya maji. Nilibonyeza kibonyeo kwa kidole changu gumba kabla putti ya kuzibia haijakauka, na skrubu nyeusi nikaiweka mahali pake.

Kapteni alikuja kutazama mara mbili. Mara ya pili alituletea mkate wa sinia, akanikatia mimi kipande cha kwanza.

"Binti, una mkono wa sindano. Unaitwa nani?"

"Kache."

"Kache wa nani?"

"Wa Muyeye," nilisema, nikainama kwenye bawa.

Alicheka, si kwa dharau. Alikuwa na mvi nyingi kuliko nilivyotegemea, na alinuka sabuni ya kawaida tu, kama mjomba yeyote. Nilichukia kwamba mkate ulikuwa mtamu. Dakika ile moyo wangu ulilegea. Nilijiambia, mzee huyu, miaka yote hii, achana naye.

Kisha akainama penye mlango wa mizigo.

"Hiki kibonyeo umekijuaje?"

"Nilikiona kwenye picha."

Hakikuwemo kwenye picha yoyote. Alikigusa kwa ncha ya kidole, akatikisa kichwa akitabasamu.

"Wallahi, hata mimi nilikuwa nimesahau."

Moyo wangu ukarudi ulikokuwa. Kibonyeo alikisahau, nami nikajua kitambaa pia alikisahau. Sisi tulikuwa tukilala nacho na kuamka nacho, mama akikaanga viazi karai vya kuuza alfajiri ili nisome, na yeye kilikuwa kimemtoka kichwani kama namba ya simu ya zamani.

Alipoondoka nilikata utepe wa hariri nyekundu, mrefu kama kidole na mpana kama punje ya mchele. Kwa brashi ya nywele nne nikaandika juu yake, kwa rangi nyeupe: USIRUSHE. Ilinichukua mara sita kupata herufi safi.

Mwikali alinisogelea begani. "Nini hiyo?"

"Kimalizio."

"Kimalizio gani mtu anachora amebana meno hivyo? Ungekuwa mke wa mtu, leo asingekula chakula chako."

Sikucheka. Nilikiweka kitambaa ndani ya kiberiti.

*

Mkahawa ulifunguliwa Jumamosi saa tisa mchana. Mzee Okoth nami tulifika mapema na ndege, tukaiweka juu ya meza yake ya kioo. Nilimwambia nina dakika tano za kumalizia. Alikwenda kutafuta soda. Nikapiga magoti, nikakifunga kitambaa kwenye mguu wa mbele, mafundo mawili, kama baba alivyokuwa akifunga. Nililijua vizuri jambo nililokuwa nikilifanya: nilijua karakana ingeharibikiwa jina, na kwamba Jumatatu huenda nisiwe na meza ya kupangia brashi.

Wageni wakaja, majirani wa Shella, marubani wenzake wa zamani, mchungaji, walimu wawili. Kapteni alikuwa ameweka kioo cha kukuzia kando ya ndege, na alimwita kila mtu aangalie zile ribiti. "Zihesabu! Mkono wa binti huyu hapa!" Nilisimama nyuma ya Mzee Okoth nikitazama viatu vyangu. Nilikuwa nimepanga kwamba rubani mmoja atakiona kitambaa, atajua maana yake, na atauliza. Marubani walitazama mabawa, wakatazama mkia, wakaenda kwenye sambusa. Hakuna aliyeinama. Nusu saa ilipita, nikaanza kuhisi nimefanya upuuzi.

Aliyekiona ni mama yake Kapteni. Hawe Kabibi, ndivyo wote walivyomwita, nyanya kwa Kigiryama, alikuwa mzee sana na aliletwa kwenye kiti cha magurudumu. Kwa kukaa kwake pale chini, tumbo la ndege lilikuwa sawa na macho yake. Akaomba kioo. Akatazama kwa muda mrefu.

"Nyale."

"Naam, mama."

"Nani kakufungia kitambaa chekundu?"

Watu wakageuka.

"Kitambaa gani, mama?"

"Hiki hapa mguuni. Chekundu, na kimeandikwa." Sauti yake ilipanda. "Siku unayofungua biashara! Mtu kaja kukutegea fingo humu ndani na nyinyi mnakula sambusa!"

Mwanamke mmoja akarudisha kikombe chake mezani. Mchungaji akasogea karibu, na mwalimu mmoja akanong'ona kwamba vitu kama hivyo havishikwi kwa mkono mtupu. Kapteni aliona mkahawa wake ukianza kumwagika mlangoni, akainua mikono akicheka.

"Jamani, jamani! Hakuna uganga hapa. Mama, hiyo ni alama ya mafundi tu. Fundi akiona ndege ni mbovu, hufunga kitambaa chekundu ili rubani asiirushe."

Watu wakapumua. Lakini Hawe Kabibi hakukishusha kioo.

"Basi hii yako ilikuwa mbovu?"

"Hapana, mama. Huo ni mfano tu."

"Mfano wa ile uliyoanguka nayo nyasini. Si ndiyo? Mbona ile siku ulituambia hapakuwa na alama yoyote?"

Hakumaanisha kumshitaki. Aliuliza kama mama anavyouliza mtoto wake alikoacha kiatu. Kapteni Nyale aliwatupia jicho marubani wenzake. Nilimwona akipiga hesabu kichwani. Kisha akageuka kumtazama Mzee Okoth.

"Ni makosa ya karakana," alisema.

"Ni makosa yetu, Kapteni, tuwie radhi," Mzee Okoth alidakia haraka, maskini, hata hakujua anaombea nini msamaha. "Tutakitoa sasa hivi."

"Nitakitoa mwenyewe."

Akainama. Kwa kucha mbili, bila kufungua fundo hata moja, alikishika kitambaa karibu na mguu, akakizungusha mara moja, akakivuta. Kikakatika. Akakitia mfukoni mwa shati huku ameshaanza kuwaambia wageni kwamba nyama iko tayari. Hakuharakisha. Ulikuwa mkono unaoijua kazi yake, na kwa mara ya kwanza niliona asubuhi ile ambayo baba hakuwahi kuiona, kwa kuwa baba alikuwa ameenda stoo kutafuta bomba.

"Si makosa," nilisema.

Sauti ilitoka ndogo mno. Mzee Okoth pekee ndiye aliyenisikia, akanibana kiwiko. "Binti, nyamaza."

"Nani anasema huko?" Hawe Kabibi aliuliza.

"Hakuna, mama," Kapteni alisema.

"Kuna. Yule msichana midomo yake inacheza. Sogea hapa, mwanangu."

Nikasogea. "Shikamoo, hawe."

"Marahaba. Umesema nini?"

"Nimesema si makosa."

"Sema kwa nguvu. Masikio yangu yamechoka, na hawa wote wanataka kusikia, usione wanajifanya kutazama nyama."

Nilimtazama Kapteni Nyale usoni. Alikuwa ameanza kunitambua. Nilimwona akitafuta, kutoka mkono wa sindano hadi Muyeye, kutoka Muyeye hadi beseni la kunawia, na alipofika, akatikisa kichwa kidogo sana, akiniomba. Ni ombi lile lile alilomwomba baba. Nami nilivuta pumzi mpaka mbavu zikauma.

"Mimi ni Kache, binti wa Masha, fundi wa ndege hii!" Sauti yangu ilifika hadi jikoni. "Baba alifunga kitambaa. Huyu alikitoa, hivyo hivyo mlivyomwona, akaruka, akaja kwetu akala wali, kisha akaenda akasema hakukiona. Sikukosea. Nimekifunga mimi kwa mikono yangu, leo, kabla nyinyi hamjafika, kwa sababu nataka aaibike."