Jina la Kenge wa Moto

Kifaa cha mchezo kilikuwa na joto mkononi mwa Chizuru hata kabla hajakiwasha. Alijiambia ni joto la mfuko wa koti, ingawa koti lenyewe lilikuwa limelowa theluji ya Toyama tangu asubuhi.

Ndani yake alikuwamo Hidane, kenge wa moto, zimwi lililochekwa tangu toleo la kwanza la mchezo huo. Wakati ule mazimwi ya maji yalimzima kwa pigo moja. Toleo la pili lilileta mazimwi ya barafu, naye akapata wa kuyeyusha, akatamba kidogo. La tatu likaja na mvua, na Hidane akawa si lolote si chochote. Wachezaji wakamtupa ghalani. Chizuru hakumtupa. Kila toleo jipya lilipotoka alimhamishia humo, miaka ishirini sasa, kwa sababu Hidane hakuwa wake. Alikuwa wa Tatsuki, mdogo wake, aliyemkamata na kumpa jina. Na kila mchezaji anajua: zimwi la kupewa utalilisha, utalifunza, utalipiganisha, lakini jina lake halibadilishwi ila na aliyelikamata.

"Akishinda mashindano ya kweli, namwita Bingwa," Tatsuki alisema akiwa kitandani hospitalini. Siku ya mwisho alimvuta dada yake mkono. "Dada, twende nyumbani."

Chizuru alikuwa ameinamia pambano. "Ngoja kwanza nimalize hili."

Alipomaliza, mkono ule ulikuwa umeshapoa.

Sasa orodha ya mazimwi ya toleo lijalo ilikuwa imetoka, na Hidane hayumo. Mashindano haya ya ukumbi wa mji ndiyo yalikuwa ya mwisho kwake. Jina la Bingwa Chizuru asingeweza kumpa, lakini ushindi angempatia, kufa kupona.

Pambano la kwanza alishinda. Alipotazama kioo cha kifaa, palipoandikwa Hidane palikuwa patupu. Akamwita mwamuzi, Bi Orihara, msichana mwenye miwani.

"Hitilafu tu hiyo, dada," Bi Orihara alisema, kisha akakunja uso. "Ila jina halifutiki hivihivi. Aliyemkamata yuko wapi?"

"Hayupo."

"Basi sielewi. Endelea tu."

Nusu fainali alikutana na Bwana Kuwabara, fundi seremala mwenye chura wa mvua na mdomo usiopumzika.

"Kenge wa moto? Dada, umekuja kushindana au kuota moto?"

"Nimekuja kukukausha, mzee."

"Huyo tulishamzika toleo la tatu!"

Maneno yale yalimchoma Chizuru, lakini alikaza macho kwenye kioo. Mvua ya chura hudumu zamu tano. Alimwamuru Hidane ajikinge, akwepe, ajikinge tena, huku akihesabu moyoni. Bwana Kuwabara alikuwa bado anaongea zamu ya sita ilipofika na mvua ikakatika. Hidane, akiwa amebakiwa na uhai wa kuhesabika, akafungua kinywa. Chura akaungua mzimamzima.

"Ala!" Bwana Kuwabara alicheka kwa mshangao, akainama kutazama. "Na jina umembadilisha saa ngapi?"

Pale palipokuwa patupu paliandikwa: Twende.

"Sijabadilisha mimi," Chizuru alisema.

"Kwani si wewe uliyemkamata?"

"Ni mdogo wangu. Alifariki."

Bwana Kuwabara aliondoa mikono yake mezani polepole.

Kipaza sauti kikaita: Chizuru Nagase, fainali, meza ya kwanza. Pambano moja tu lilibaki, na ahadi ya miaka ishirini ingetimia. Chizuru alikitazama kifaa, akajisikia akinong'ona, "Ngoja kwanza nimalize..."

Kikapoa. Joto lote liliondoka mara moja, na baridi iliyobaki kiganjani aliijua, aliwahi kuishika. Aliogopa, tena sana, lakini zaidi aliogopa kumalizia ile sentensi.

Akainuka, akavaa koti.

"Dada!" Bi Orihara alimkimbilia. "Fainali! Ukitoka umepoteza! Unakwenda wapi?"

"Nyumbani," alisema Chizuru. "Nimechelewa."

Alitoka kwenye theluji akiwa amekikumbatia kifaa ndani ya koti, kifuani. Alitembea taratibu, kwa hatua fupi za kumsubiri mtoto. Alipofika kituo cha tramu, kilikuwa kimeanza kupata joto.