Tambuu ya Mwalimu Piyasoma

Kila Jumatano wenye shida zao hujaa kwa Mheshimiwa Thushari tangu asubuhi: huyu mwanawe hana kazi, yule jirani kamlia mpaka wa shamba. Kila mmoja huja na fungu la majani ya tambuu, maana kwa mkubwa haendwi mikono mitupu. Thushari huyapokea, humpa katibu wake Lasantha, huita mwingine. Jumatano hii hakutulia kitini. Dirishani alikuwa amemwona Mwalimu Piyasoma kwenye foleni, kavaa saruni nyeupe ya kwendea hekaluni, na tambuu yake kaifunga vizuri kupita zote.

Kabla ya medali ya dhahabu ya Asia na kabla ya ubunge, Thushari alikuwa binti mwembamba wa kijiji cha Galwewa, akikimbia pekupeku kwenye kiwanja cha shule. Mwalimu huyu alimchorea mistari kwa majivu ya jikoni kwa mkewe, akamchimbia kwa jembe vishimo vya kuondokea, mpaka magoti yake mwenyewe yakamgomea. Kwenye kampeni zote mbili Thushari aliapa jukwaani kwamba kiwanja kile kitawekewa njia za kukimbilia za kisasa, kama za Colombo. Watu wakampa kura kwa ahadi hiyo. Sera zake nani alizisikiliza?

Mwezi uliopita aliweka saini kiwanja kigeuzwe karakana ya mabasi. Mkubwa wa chama alikitaka, na mkubwa wa chama ndiye anayegawa unaibu waziri. Alijiambia atakwenda mwenyewe kumweleza mwalimu. Hakwenda. Bingwa wa mita mia mbili, bara zima lilikula vumbi lake, akashindwa kufika kijijini kwao, na gari analo.

"Mzee anataka nini?" alimwuliza Lasantha.

"Hataki kitu, Mheshimiwa. Kaja kushukuru. Wapima ardhi wamepigilia vigingi kiwanjani, basi kijiji kizima kinajua ahadi imetimia. Mzee anapita nyumba kwa nyumba anatamba." Lasantha akacheka. "Mwache tu afurahi. Mpiga picha wa gazeti yupo nje, nimwite?"

Kabla Thushari hajajibu, mwalimu alikuwa ameshaingia, mpiga picha nyuma yake. Alifika mezani akichechemea, akashika ukingo wa kiti, akaanza kuinama. Watu waliokuwa ukumbini wakanyoosha shingo. Mwanafunzi ndiye anayempigia mwalimu magoti. Kila Mwaka Mpya Thushari ndiye aliyempelekea tambuu na kuinamisha uso miguuni pake.

"Mwalimu, usifanye hivyo."

"Niache, binti. Leo wewe ndiye mkubwa. Watoto nimeshawaambia, kukimbia kwenye vumbi basi."

Thushari aliizunguka meza, akaanguka miguuni pake kabla goti la mzee halijagusa sakafu. Watu wakaguna kwa raha. Mzee, machozi yakimlengalenga, akamwekea mkono kichwani, akaanza kumwombea maisha marefu. Hapo ndipo Thushari alipomwambia, kwa sauti ya yeye na mwalimu tu.

"Vile vigingi si vya njia za kukimbilia. Ni vya karakana ya mabasi. Niliweka saini mimi mwenyewe, Mwalimu. Nisamehe."

Dua ikakatika. Mkono ukakaa kidogo pale kichwani, kisha ukaondoka.

"Inuka," alisema mzee. "Watu wanakutazama."

Hakumgombeza. Alitoka na tambuu yake, ambayo alikuwa hajaikabidhi. Lasantha alidhani kaisahau kwa furaha, akataka kumkimbilia. Thushari alimzuia.

Kesho yake picha ilijaa gazetini: bingwa hakumsahau mwalimu wake. Usiku kucha Thushari alikuwa amepanga maneno ya kumwambia mkubwa wa chama, kwamba saini yake anaiondoa, liwalo na liwe. Mkubwa akawahi kupiga simu yeye. Alisema picha kama ile haipatikani kwa fedha yoyote, na unaibu waziri ahesabu ameupata. Thushari akasema asante.

Mchana Lasantha aliileta picha imekuzwa na kutiwa fremu, akauliza aitundike wapi. Thushari aliivuta fremu karibu. Alikuwa anautazama ule mkono. Pichani ulikuwa bado uko kichwani pake. Mpiga picha angechelewa kidogo tu, angeukosa.