Sahani ya Ukweni

Tangu Akuac alipotolewa sokoni akarudishwa kwa ami yake, mtaa wa Hai Mauna, Juba, geti la nyumba halikufunguka ila kwa ufunguo, na ufunguo ulikaa kwenye mfuko wa shati la Kuach, huyo ami mwenyewe. Simu ya msichana nayo ilikuwa humo. Kosa lake mtaa mzima uliliongea: binti wa Kidinka kampenda mundukuru. Ndivyo Waarabu wa kaskazini wanavyoitwa Juba, na si jina la heshima.

Huyo Mwarabu, Babikir, alikimbia vita Khartoum akaweka meza ya kutengeneza simu soko la Konyo Konyo. Akuac, aliyekulia Eldoret, alimpelekea simu yenye kioo kilichopasuka. Wiki iliyofuata akampelekea ileile ikiwa nzima. Watu wakaona.

"Baba yako aliuawa na bomu la ndege yao," Kuach alimwambia.

"Najua, anko. Lakini Babikir hakuwa rubani. Alikuwa mtoto wa chekechea."

"Ngozi ni ileile."

Hata hivyo Kuach alikubali kumsikiliza Jumapili, siku moja na Arkangelo, aliyetaka kumposea mdogo wake Majur, mtu wa ng'ombe wengi kule Bor. Waje wote, alisema, asije mtu akadai nimebagua.

Babikir hakupata ndugu wa kumsindikiza. Nao walimwambia hawawezi kwenda kumposea mwanamke mweusi. Akaja na Janepher, Mganda anayekaanga chapati kando ya meza yake, amevaa gauni la gomesi utadhani anamwoza mwanawe.

Jikoni Akuac alipika kama mtu anayepigania roho yake. Ugali wa asida, mbuzi, mchicha wa karanga. Akur, mke wa ami, alisimama karibu akimwambia aongeze simsim. Basi akaongeza. Akabeba sahani mwenyewe akaziweka mkekani, akarudi kusimama mlangoni.

Arkangelo alinawa, akasema ameshiba. Babikir akasita. Janepher akamnong'oneza, "Kula, mwanangu. Kwetu ukikataa chakula cha ukweni umewatukana."

Babikir akamtazama Akuac. Akuac akaitikia kwa kichwa. Akala. Akala vizuri, akalamba na vidole.

"Asante, ami. Mimi iko na furaha sana."

Kuach alicheka kidogo, kwa pua. "Arkangelo, umeona?"

"Nimeona."

"Anaposa binti yetu na anatafuna mbele yetu. Kijana wa Kidinka atakufa njaa ukweni kabla hajatia tonge mdomoni."

"Lakini mzee, si ninyi mmemwekea?" Janepher akauliza.

"Tumeweka, mama. Hatukumlisha." Kuach akajinyoosha. "Basi watu wasiseme nimemkataa kwa ngozi. Nimemkataa kwa tumbo."

Akuac akamgeukia Akur. "Ulijua."

"Nilidhani mama yako alikufundisha huko Kenya," Akur akasema, akishughulika na sufuria isiyo na kitu.

Akuac alitoka mlangoni. Alipita mbele ya wanaume, akakaa mkekani ubavuni mwa Babikir, akakata asida, akachovya kwenye sahani yake, akala. Alitafuna polepole, wote wakimwangalia. Hakuna kati yao aliyewahi kuona msichana akila na mposaji wake.

Arkangelo akasimama, akafuta vumbi kwenye suruali.

"Ng'ombe wetu watabaki kwao. Huyu hatumchukui."

"Unajua ulichofanya?" Kuach akamwuliza binti.

"Najua, anko. Ng'ombe wa Majur hawaji tena."

Kuach alitoa ufunguo, akafungua geti. Arkangelo akapita, Janepher akapita akivuta gomesi lake, huku akimvuta na Babikir mkono. Nje ya geti Babikir akageuka.

"Akuac, njoo twende."

Alikuwa ameshainuka. Kuach akaweka mkono wake mrefu katikati ya njia.

"Wageni wameondoka. Wewe si mgeni."

Akafunga. Ufunguo ukarudi mfukoni, akarudi kukaa kwenye kiti chake cha plastiki, ghafla amezeeka.

"Sasa hakuna wa kukuoa. Utakaa hapa mpaka lini?"

"Wewe ndiye mwenye ufunguo," Akuac akasema, akakaa tena mkekani.

Kuach akaushika mfuko wake. Nje Babikir alikuwa anagonga geti.