Taa za Breki za Mama Jepchumba

Marehemu mume wangu, Kipyego, hakuwa mtu wa maneno mengi, ila ukisimama kwenye foleni huku umekanyaga breki, ulimsikia. "Taa zako nyekundu zinamchoma macho aliye nyuma," alikuwa akisema. "Weka gia kwenye N, vuta handbreki, toa mguu. Huyo naye ni mtu." Gari letu la otomatiki ndilo aliloniachia, pamoja na nyumba kubwa njia ya Kaptagat.

Tangu tumzike, kila jioni naendesha hadi mjini Eldoret kununua mkate. Mkate unauzwa hata dukani kwa Nderitu, karibu na lango langu. Nisijidanganye: naenda kutafuta foleni. Kwenye foleni kuna watu, hata kama wamefunga vioo. Watoto wangu hunitumia ujumbe, "Uko sawa, Mum?", nami hujibu niko sawa, na mazungumzo yetu yameishia hapo.

Alhamisi moja foleni ilikataa kabisa kusonga. Nikaweka N, nikavuta handbreki, nikatoa mguu. Punde kijana mwenye koti lililojaa matope akagonga kioo. Pikapu yake ya kabeji ilikuwa nyuma yangu.

"Mama, samahani. Brake lights zako haziwaki. Mtu atakugonga."

Nilipaswa kumweleza kwamba sijakanyaga breki. Angecheka, angerudi kwa kabeji zake. Lakini tangu Jumapili kanisani hakuna aliyekuwa ameniangalia usoni, na huyu alikuwa ameinama dirishani akinihurumia.

"Hebu kanyaga brake nione," akasema, akaenda nyuma.

Mguu wangu ulikuwa umetulia sakafuni. "Nimekanyaga!" nikapaza sauti. Mimi, mwalimu wa Sunday school!

"Zimekufa. Itakuwa ni fuse. Ingia hapo petrol station niangalie."

Nikaingia polepole, nikasimamisha gari kwa handbreki, mguu nimeuficha kama mwizi. Akajikunja chini ya usukani. Alisema anaitwa Mbuthia, ametoka Timboroa, na mvua imewatesa barabarani. Akaniuliza kama kwetu pia kumenyesha. Basi nikafunguka! Nikamweleza habari za mvua, za mahindi, za kuku wangu anayelalia mayai ya bata. Alicheka mahali pa kucheka. Nilikuwa na furaha, na nilijionea haya kwa furaha hiyo.

Simu yake ikalia. "Ciku, nakuja. Kuna mama nasaidia."

Giza lilikuwa linaingia, kabeji zinangojewa sokoni, na mimi nimemshika mtoto wa watu kwa uongo.

"Fuse nimeifuta nikairudisha," akasema akienda nyuma. "Jaribu tena, Mama."

Nikakanyaga. Ukuta ulio nyuma yetu ukawa mwekundu.

"Zimewaka!" Akapiga makofi. Alipokuja kuniaga nikampa mkono, nikaushikilia wake muda mrefu kuliko inavyofaa.

Alipokuwa ameshaingia kwa pikapu, akatoa kichwa dirishani. "Mwambie Mzee anunue fuse mpya. Hiyo haitakaa."

Ningemwambia Mzee hayupo. Angeshuka tena, angesema pole, angekaa nami kidogo. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni.

"Nitamwambia," nikasema. "Nenda, Ciku anangoja."