Kurasa Saba za Kamata

"Mama Consolée, ile mashine yenu inaweza sahau?"

Hivyo ndivyo Libérata alivyouliza, asubuhi moja ya mwaka 2012, amesimama mlangoni mwa biro, ofisi ya parokia pale Sake na bidoni la maziwa kichwani. Yeye na Consolée walikuwa majirani tangu Libérata na watu wake waliposhuka kutoka milima ya Masisi wakikimbia risasi, na ng'ombe watatu tu kati ya wengi waliokuwa nao. Njiani, watu walipokuwa wakisukumana, mkono wa binti yake Umulisa, wa miaka kumi na mitatu, ulimponyoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyejua kama mtoto yuko juu ya ardhi au chini yake.

Consolée alicheka kidogo. "Mashine haisahau, dada. Sisi njo tunasahau. Sema tu jina."

"Umulisa. Iko na kovu hapa kwa kidevu. Ngombe ilimupiga na pembe."

Consolée akabonyeza vitufe vya kompyuta, akaandika, akabonyeza tena. "Sasa kama muntu anamuona, tutajua."

Consolée alikuwa mjane, mwenye darasa sita tu za primaire. Kazi yake ilikuwa kuandika upya vyeti vya ubatizo vya watu ambao nyumba zao ziliungua pamoja na karatasi zao. Lakini vita vikaleta kazi ya pili juu ya ile. Uko katikati ya cheti, unatafuta herufi za jina la babu ya mtu, mara anaingia dereva anahema: nimemwona mke wa fulani kule Walikale, mwambieni mume wake. Ukiacha cheti ukatafute kaye, lile daftari la habari, babu wa watu anapotea. Ukisema ngoja kidogo, dereva haongoji. Gari linapiga honi nje, na habari inaondoka naye.

Jules, fundi wa mashine wa parokia, ndiye aliyepata dawa. Ndani ya programu ileile ambayo Consolée aliandikia vyeti, alitengeneza kitu kidogo akakiita Kamata. Unabonyeza Ctrl na K kwa pamoja, kidirisha kinafunguka chini ya cheti. Unaandika mistari miwili ya habari. Unabonyeza Ctrl na W, yaani Weka, na habari inaingia kwenye orodha na tarehe yake na saa yake. Kisha Esc, kidirisha kinafunga, nawe unajikuta palepale kwenye jina la babu, herufi haijasogea.

"Na nikifunga mbele ya kuweka?" Consolée alimuuliza siku ya kwanza.

"Inatupa."

"Hainiulizi?"

"Mama, ikiuliza kila mara, utakuwa unajibu mashine na bantu wanangoja kwa mulango. Umeandika makosa? Funga, imekwisha. Ni nzuri? Weka, kisha funga."

Kila Jumapili baada ya Misa, Consolée alisimama kwenye ngazi za kanisa akasoma orodha ya wiki: nani ameonekana, wapi, nani ameleta habari. Hata Waprotestanti walikuja. Libérata alikuwa mmoja wao. Ibada yao ikiisha tu alipanda mbio na mtoto wake mdogo mgongoni, akasimama kwenye ukuta wa upande wa kushoto, pale sauti inapofika vizuri.

Halafu Jules akapata kazi Butembo. Kabla ya kuondoka akaja na mafungu ya karatasi nyeupe.

"Mama, andika namna ya kutumia Kamata. Siku weye hauko, muntu mwingine aweze."

"Miye wa primaire? Andika weye, fundi."

"Miye nitaandika kifaransa ya mafundi, hakuna hata kuku itasoma. Weye unaongea sawa bantu. Lakini sikia: ukimaliza, mupe muntu hajue kitu, afuate neno kwa neno, na weye ufunge kinywa. Pale atakwama, njo pale haujaandika."

"Kufunga kinywa, njo kazi nguvu hapo," alisema Consolée, na wote wakacheka.

Aliandika wiki mbili, kila alasiri baada ya rozari. Zikatoka kurasa saba. Ukurasa wa kwanza ulieleza kuwasha mashine na kufungua programu, na chini yake aliandika, kwa herufi kubwa: KILA MARA UKIMALIZA KUANDIKA HABARI, CTRL NA W. Wa pili ulikuwa wa vyeti. Wa tatu ulikuwa na kichwa "Muntu akileta habari," na huo ndio aliouandika kwa moyo wake wote:

*Moja. Usimuache asimame. Mupe kiti, hata kama anasema iko na haraka.*

*Mbili. Bonyeza Ctrl na K.*

*Tatu. Andika jina, kisha alama ya mwili, kisha pahali, kisha nani ameleta.*

*Ine. Musomee kwa sauti. Bantu wengi wana majina ya kufanana, na kilio kinaweza ingia nyumba si yake.*

*Tano. Bonyeza Esc, urudie kazi yako.*

Padre Benoît, paroko wao, alizisoma zote akavua miwani. "Mama Consolée, hata wale wa Goma hawaelezi hivi." Kwa siku tatu nzima maneno hayo yalitembea naye sokoni. Maisha yake yote alikuwa amenakili maneno ya wengine; hizi zilikuwa kurasa zake mwenyewe. Akazivisha plastiki, akatoboa tundu, akazitundika kwenye msumari kando ya mashine. Mtu wa kuzijaribu hakumtafuta. Alijiambia kwamba hakuna mwenye nafasi. Ukweli, ambao alikuja kuukiri baadaye mbele ya Padre, ni kwamba hakutaka kumwona mtu akikwama kwenye maandishi yake.

Mwezi wa saba shemeji yake akafa Bweremana. Consolée akaenda kwenye kilio, siku nne. Alimwachia biro Valérie, msichana wa kwaya mwenye mwandiko mzuri, akamwonyesha msumari. "Kila kitu iko pale."

Jumanne hiyohiyo, saa chache baada ya Consolée kupanda basi la Bweremana, mfanyabiashara mmoja aitwaye Nzanzu, Mnande wa Butembo anayepakia mafuta ya mawese Walikale, aliingia biro ya Sake. Valérie alikuwa katikati ya cheti, mashine imewaka tangu asubuhi. Nzanzu alisema: kule Kibua, kwa mama mmoja mjane, yuko binti anaitwa Umulisa, ana kovu kidevuni, mguu umevimba, anamlilia mama yake aliye Sake. Yeye Nzanzu hakuthubutu kumpakia. Kwenye vizuizi vya barabarani, mtoto wa jina la Kinyarwanda kama lile, bila mzazi, huulizwa maswali ambayo mtoto hawezi kuyajibu. Mama yake aje na cheti cha mtoto, atapita naye. Barabara ilikuwa wazi bado.

Valérie alifunua ukurasa wa tatu. Akampa kiti. Akabonyeza, akaandika, akasoma kwa sauti. Nzanzu akaitikia kwa kichwa: njo vile, ndivyo hivyo. Valérie akabonyeza Esc, akarudi kwenye cheti.

Jumapili ile Consolée, amevaa kitambaa cheusi cha kilio, alisoma orodha kwenye ngazi. Majina kumi na tisa. Valérie alikuwa bado ndani na kwaya. Alimwona Libérata ukutani, kidole kimoja sikioni kwa sababu mtoto wa mgongoni alikuwa analia. Aliposoma la kumi na tisa alimwona akishusha kidole, akimpapasa mtoto, akiteremka taratibu. Consolée alimwombea papo hapo, Salamu Maria tatu.

Zilipita siku kumi nyingine. Saa za mchana Nzanzu akaingia tena, kofia mkononi, akakataa kukaa.

"Mama, ule mama ya Umulisa hakukuja, alikuwa mugonjwa?"

"Umulisa wa Libérata? Habari yake hatuna."

"Namna gani hamuna? Nilikaa hapa! Kwa hii kiti!" Akamgeukia Valérie. "Dada, si weye? Si ulinisomea?"

Valérie alikuwa amesimama tayari. "Niliandika, Papa. Mama, niliandika, ile Jumanne uliondoka, naapa."

Consolée hakuuliza bado kilichotokea Kibua. Uso wa Nzanzu ulikuwa umekwisha kusema. Alifungua orodha, akashuka hadi Jumanne ile. Kulikuwa na habari ya asubuhi, aliyoiacha mwenyewe kabla ya kuondoka kwa basi. Kisha ya Ijumaa, siku aliyorudi. Katikati hakuna kitu.

"Fanya tena," alimwambia Valérie. "Kama ile siku. Kwa karatasi."

Valérie akaweka kidole cha kushoto kwenye plastiki, mstari kwa mstari, cha kulia kikabonyeza. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Akasoma kwa sauti. Tano: Esc. Kidirisha kikafunga bila kuuliza lolote. Consolée akatazama orodha. Haikuongezeka hata herufi.

Hapo akaona. Miaka ishirini alikuwa ananakili nyimbo za kwaya, na kila mwenye kaye ya kwaya anajua desturi yake: kiitikio unakiandika mara moja tu, mwanzoni. Baada ya beti nyingine huandiki kitu, kwa sababu kinywa cha kila mtu kinakijua, na karatasi ni ghali. Ctrl na W alikuwa ameiandika mara moja, ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kama kiitikio. Kwenye kurasa sita zilizofuata aliandika beti tu. Na Valérie ukurasa wa kwanza hakuusoma. Angeusoma kwa nini, na mashine ilikuwa imekwisha kuwashwa?

"Ni miye," alisema Consolée.

Nzanzu ndiye aliyemalizia. Homa ilikuja juu ya ule mguu. Posta ya afya, ile zahanati ndogo, ilikuwa imefungwa, vita vilikuwa vimeamka upande ule. "Jumamosi njo alikufa. Tulimuzika vizuri, Mama, na katekista. Lakini..." Alizungusha kofia. "Miye njo nilimwambia mama yake anakuja. Nilipita pale nikienda, nikamwambia, nimeacha habari Sake, ngojea. Basi kila siku aliomba bamubebe kwa barabara. Akakaa pale kwa jiwe, akatazama magari."

Valérie alilia. Nzanzu alipotoka kuangalia gari lake, Valérie alimshika Consolée mkono. "Mama, tuseme batiri ya solari ilikufa. Inakufa kila mara, bantu wote wanajua. Nani atauliza? Ule mama amekwisha kupata kidonda, tumuongezee ya nini?"

Consolée aliutazama msumari kando ya mashine. Batiri ilikuwa inakufa kweli, hata wiki ile ilikufa mara mbili. Na angesema hivyo, jirani angebaki jirani. Angeendelea kumletea maziwa asubuhi, wangelia pamoja kwenye kilio, yeye Consolée akiwa upande wa wanaofariji. Alikitamani kitu hicho. Alikitamani hata akaona aibu.

"Nenda ukamwite Libérata," alisema. "Mwambie aje kwangu nyumbani. Usimwambie kitu njiani."

Alikuja upesi, mikono bado ina unyevu wa kukamua. Nzanzu akamwambia, kwa maneno machache, kama watu wazima wanavyoambizana kifo. Libérata aliketi chini sakafuni, miguu imenyooka. Alitoa sauti moja ndefu.

Baada ya muda akauliza: "Papa, ulileta habari siku gani?"

"Jumanne. Jana ilitimiza wiki mbili."

"Na alikufa Jumamosi."

"Jumamosi iliyopita."

Libérata alihesabu kwa vidole, akarudia. "Siku kumi na moja. Kibua ni siku mbili, hata kwa mguu ni ine." Akamgeukia Consolée. "Ule dimanche, kwa ngazi ya kanisa, ulisoma majina."

"Nilisoma."

"Nilikuwa pale kwa ukuta."

"Nilikuona, dada."

"Sasa?"

Valérie alifungua kinywa. Consolée akainua mkono kumzuia.

"Usimutazame Valérie. Alifuata karatasi yangu neno kwa neno. Batiri haikukufa, mashine haikuharibika. Miye njo niliandika namna ya kufanya, na miye njo niliacha mustari. Fundi aliniambia nimupe muntu ajaribu, sikumupa. Jina ya mutoto wako liliandikwa, likasomwa kwa sauti, kisha likatupwa kwa sababu ya mustari sikuandika."

"Mustari moja?"

"Moja."

"Nionyeshe."

Consolée alikuwa ameuleta ukurasa. Aliuweka mapajani mwa Libérata, akapiga magoti kando yake, akaonyesha nafasi iliyo kati ya nne na tano. Haikufika upana wa kidole. Libérata alijua kusoma kidogo. Midomo yake ilipita juu ya maneno polepole, usimuache asimame, mupe kiti, hadi ikafika pale, ikasimama. Alipapasa ile plastiki tupu kwa kucha, kama mtu anayetaka kuona kama kuna kitu chini yake.

"Dada," alisema Consolée, "siombi unisamehe leo. Nimesema tu usikie kwangu."

Nje mtoto aliyebaki na jirani alikuwa akimlilia mama yake. Libérata aliushika ukurasa kwa mikono yote miwili, akaurudisha mikononi mwa Consolée, taratibu, kama unavyorudisha chombo cha mtu. Akainuka kwa kushika ukuta. Akakaza kitenge kiunoni. Nzanzu akasogea kumpisha, akasema pole mama, naye hakumwona. Akainama chini ya kizingiti cha juu cha mlango, akatoka kumfuata mtoto wake.