Mgeni wa Saa Moja Asubuhi

Mama yangu ni fundi cherehani mwenye presha na kichwa kigumu. Dawa hamezi mpaka akumbushwe, na akikumbushwa na Baba ananuna. Naishi mbali nao, kwa hiyo nilipomtengenezea tovuti ya kazi zake, nikaichomekea kiprogramu kidogo nilichokiandika mwenyewe. Kilikuwa na kazi moja ya kujirudia: kila siku saa moja asubuhi kimtumie Mama ujumbe, "Mama, dawa." Kwa miezi hakikukosea, nami nilitamba ofisini mpaka wenzangu wakanichoka.

Wiki iliyopita ujumbe ukaanza kufika mchana, mara jioni, mara usifike kabisa. Mwishowe kizunguzungu kikamwangusha Mama palepale kwenye cherehani. Nilipopigiwa simu, niliomba nipewe Mama mwenyewe.

"Mbona hukumeza, Mama?"

"Si hukuniambia."

Sikujua nicheke au nilie. Nikapekua kiprogramu mstari kwa mstari, na hakuna kilichokuwa kimebadilika. Ndipo nikajishika kichwa. Kazi za namna hii zenyewe hazina saa; zinalala mpaka mtu afungue tovuti, ndipo zinashtuka na kuangalia kama muda umefika. Hata mwanafunzi anayeanza analijua hilo. Sasa, tovuti ya fundi mmoja wa mtaani, nani alikuwa anaifungua kila asubuhi?

Nikapiga tena. "Mama, ni wewe?"

"Mimi nina muda huo?"

Nyuma yake mtu akakohoa. "Simu yangu iliingia maji," Baba akasema. "Iko kwa fundi tangu wiki ianze."

"Baba! Ulikuwa unafungua ya nini?"

"Naangalia ile picha ya Bosi."

Bosi ni Mama. Picha ni ile niliyoiweka mwanzo wa tovuti, kang'ata uzi huku anacheka.

"Mimi nimelala hapo ubavuni mwako!" Mama akamaka. "Unaniacha mimi, unanitazama kwenye simu?"

"Wewe wa hapa umenuna. Yule anacheka."

Niliwapenda wote wawili.

Nikawaeleza kwamba sasa nitaiagiza seva yenyewe, ile kompyuta inayohifadhi tovuti, iwe inakiamsha kiprogramu kila siku bila kungoja mgeni.

"Kwa hiyo mimi sina kazi tena," Baba akasema. Alijifanya anatania, lakini sauti ilishuka.

Nikaiagiza seva ibishe hodi saa moja na nusu. Ikikuta mtu ameshafungua na ujumbe umekwenda, inyamaze. "Saa moja ni zamu yako, Baba. Seva ni ya akiba." Halafu, bila kumwambia mtu, nikabadilisha maneno ya ujumbe.

Simu ya Baba ikarudi kutoka kwa fundi. Asubuhi iliyofuata, saa moja na dakika chache, sijanawa hata uso, Mama akanipigia.

"Hapa kumeandikwa 'Bosi, dawa.' Huu ujumbe wako au wa baba yako?"

"Wa Baba."

Nikasikia glasi ikitua mezani.

"Mwambie nimemeza."

"Mama, si yuko hapo ubavuni mwako?"

"Mwambie wewe. Mimi nimenuna."